Hati ya reli ya Tenke na mkasi wa Mama Ngoie

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa ni changu mwenyewe na chumvi sijaongeza.

Niko Kolwezi mwaka wa saba, nafanya clearing ya malori ya shaba. Wenzangu wakipata nafasi wanakimbilia bia na mpira. Mimi ugonjwa wangu ni hati fungani za reli za zamani. Wife anaziita makaratasi ya marehemu. Sawa tu.

Kwa wasiojua: reli ya shaba ya huku ilijengwa kwa mikopo. Mkopeshaji wa Ulaya alipewa karatasi kubwa yenye picha ya treni, na pembeni vipande vidogo, kuponi. Kila mwaka unakata kimoja, unapeleka benki, unachukua riba yako. Baadaye mambo yakageuka, karatasi zikabaki pambo.

Ninazo kumi na moja, zote zimekatwa kuponi. Nilikuwa naitafuta moja tu iliyo nzima. Nimeitafuta miaka, wakuu.

Basi dereva mmoja akanipeleka Tenke kwa Mama Ngoie. Marehemu baba yake alikuwa karani wa stesheni, na bosi wake Mbelgiji alipofungasha kurudi kwao alimwachia hati moja. Nikaiona ukutani, kuponi zote zipo. Nusura nipige goti!

Mama hakutaka hela. Akasema kama nimeipenda ile treni nirudi Jumapili baada ya misa, ataniandalia vizuri.

Hapo ndipo nilipozubaa, sikumuuliza ataiandaaje. Huku vumbi na mvua vinakula karatasi, kwa hiyo kila cha maana kinapelekwa kwa fundi kupigwa lamination. Diploma, cheti cha ubatizo, hata risiti ya friji.

Jumapili nikakabidhiwa hati ndani ya plastiki, inang'aa. Kuponi hakuna.

Roho iliniuma, sifichi. Nikajua fundi kazikata ili hati ienee kwenye plastiki. Nikauliza, uso nimeshaukunja.

Mama akafungua Biblia, akatoa kuponi zimefungwa uzi. Nyuma ya kila moja kuna jina, kwa mwandiko safi wa kikarani. Mzee alikuwa akipata mtoto anampa kuponi yake, akisubiri siku ataambiwa zinalipwa wapi. Alikufa hajaambiwa.

"Ulisema unapenda train, papa," akaniambia taratibu. "Train njo ile. Majina ya batoto ya tata inabakia ku nyumba."

Tata kwa huku ni baba. Nikaukunjua uso. Nikala bukari yake, ugali wa huku, na samaki, nikaondoka na hati yangu.

Njiani kurudi Kolwezi ndipo ikaniingia. Kuponi hukatwa siku mwenyewe anapochukua chake. Za yule mzee zilibaki nzima kwa sababu hakuna aliyemlipa. Sasa binti yake amezikata.

Kwa wakusanyaji plastiki imeshaiua hiyo hati, najua. Ndiyo niliyoitundika sebuleni, na wife hajaiita ya marehemu.

Somo nililopata: hati nzima niliyoihangaikia miaka yote ni ya mtu aliyedhulumiwa. Siitafuti tena.

Wenye makaratasi ya wazee sandukuni, hebu yageuzeni nyuma, kisha mtuambie hapa mmekuta nini.