Salfa Kwenye Posa ya Kitaya

Nikiri mapema ili nipumue: mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye shahada na wajukuu wawili, hana sababu yoyote ya kukata gari lake siku mbili kabla ya kupeleka posa, lakini mimi nilikata, na kuna watu kijijini Kitaya ambao mpaka leo wakiniona wanaziba pua kwanza ndipo wanaitikia salamu.

Kilichoniponza ni udadisi. Nilifungua boneti kumimina maji, nikaona kwenye mrija unaopeleka hewa kwenye injini kuna kiboksi cha plastiki kimening'inia pembeni, kitupu kabisa, hakiendi popote, nikajiuliza hiki kina kazi gani? (Mtu mwingine angemuuliza fundi. Mimi nilisoma historia chuo kikuu, kwa hiyo nikajijibu mwenyewe.) Nikaangalia kwenye simu vijana fulani wakieleza kwamba injini ikipata hewa nyingi ya baridi inapata nguvu, nikaona ni kweli, hata mimi nikipata upepo naandika vizuri zaidi. Basi nikakikata kile kiboksi, nikachomeka bomba la maji la plastiki, nikalishusha mpaka chini ya bampa ya mbele, halafu nikatoa chujio la karatasi, ambalo niliona linambana mwenzangu bure, nikaweka kipande cha sponji ya godoro. Nilipowasha, gari likanguruma kama lori la korosho linapanda mlima.

Mke wangu akatoka jikoni. "Limeharibika?"

"Limefunguka kifua," nikamjibu.

Sasa, kwetu mjomba ndiye msemaji. Jafari, mtoto wa dada yangu Zuhura, alikuwa ameshakataliwa posa mahali pengine, na hawa wa Kitaya nao walisitasita kwa sababu walisikia sisi wa Mikindani tuna makeke. Dada akaniusia mara tatu: "Tusimame mbali, tuingie kwa miguu, tupige hodi kwa adabu. Wakikataa na hawa, Baba Asha, mwanangu hataoa."

Tukaondoka alfajiri, mimi na kanzu yangu nyeupe, dada na barua ya posa ndani ya kitambaa, na nyuma Mzee Hamisi, ami yetu, aliyekuja kuongeza heshima. Tulipokaribia Kitaya tukakuta watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa ukungu, ambao hupulizwa asubuhi mapema ili ushike kwenye umande, na siku hiyo upepo ulikuwa umeutandaza barabara nzima.

"Pandisha vioo!" dada akasema. Nikapandisha, nikapita katikati ya wingu taratibu, nikatokea ng'ambo, nikajisifu kwamba hata chembe haikuingia. Haikunijia kabisa kwamba gari nalo lina pua, na kwamba pua yenyewe nimeishusha mimi hadi usawa wa barabara.

Baada ya muda nikasikia harufu ya yai viza. Nikanyamaza, kwa heshima ya Mzee Hamisi. Dada akashusha kioo. Harufu ikazidi.

"Msinitazame mimi," Mzee Hamisi akasema. "Nimekunywa uji tu, wallahi."

"Hakuna aliyekutaja, ami," dada akasema, akiwa ameziba pua kwa ukaya wake wa kichwani.

Nikataka kusimama mbali kama tulivyokubaliana, lakini nilipoachia mafuta injini ikataka kuzima, nikakanyaga, ikanguruma, nikaachia, ikakohoa, nikakanyaga tena, na kwa namna hiyo tukaingia mpaka uani kwa watu, tunanguruma na kutoa moshi unaonuka, kuku wanakimbia, kina mama wamejiziba kanga, na Mzee Saidi, mjomba wa binti, amesimama kwenye mkeka wake akikohoa. Ndipo gari likazima lenyewe.

Hapo mtu mwenye akili angeshuka, akaomba radhi, akaketi. Lakini mimi nilitaka kujua! Nikafungua boneti mbele ya ukoo mzima, nikachomoa ile sponji, nikaipiga kwenye bampa kuona ina nini.

Ilikuwa na kila kitu, na salfa yote ikanirukia. Niliketi kwenye mkeka nikiwa njano kuanzia kofia mpaka kifuani, machozi yananitoka, nikaanza kusema tumekuja kuomba undugu.

"Ngoja kwanza," Mzee Saidi akasema. "Hapa tunapuliza mikorosho. Wajomba tulikuwa hatujaanza."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza gari lina nini, nikamweleza yote, bomba, sponji, kiboksi. Akatikisa kichwa.

"Na huyo kijana ndivyo alivyo? Akikuta kitu kimetulia anakikata?"

Dada akaishika barua kwa mikono miwili, akanitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Nilikuwa na maneno mazuri ya kuniokoa, lakini niliona hakuna hata moja litakalomsaidia Jafari, nikasema ukweli.

"Hapana, mzee. Yeye alinikataza. Alisema nimuulize fundi. Nikamwambia mtoto hamfundishi mjomba wake."

Mzee Saidi akamgeukia mama wa binti, wakasemezana Kimakonde, kisha akanyoosha mkono, dada akampa barua.

"Kijana tumemsikia, ana akili," akasema. "Tunampokea. Ila siku ya harusi binti yetu hapandi gari la mjomba."

Dada alilia njia nzima ya kurudi, kwa furaha, ndani ya bajaji. Gari lilifuata kesho yake likivutwa kwa kamba, na fundi akanieleza kwamba kile kiboksi kazi yake ni kupunguza kelele za hewa, basi, na kwamba chujio lilibana kwa sababu ndivyo linavyotakiwa kubana. Harusi ilifana. Mimi nilipanda gari la mwisho, kiti cha nyuma, pembeni yangu shemeji mmoja mkimya ambaye nadhani alitumwa anichunge.

Nimeapa sitagusa tena chochote ndani ya boneti kabla ya kuuliza. Jana niliona kidude fulani cheusi nyuma ya betri, sijui kinafanya nini, na fundi ameacha kupokea simu zangu.