Meza Tuliyoifumua Barazani

Ipo Jumapili moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, nacheka na aibu inanipanda papo hapo. Tangu uliponipigia simu jana kutoka huko kwako Mikumi, ukaniambia umepata meza kuukuu ya pool na unaikarabati kwa siri ili umshangaze baba yako, Jumapili hiyo haijanitoka kichwani. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Kidogo niruke na simu mkononi! Ila weka bisibisi chini kwanza, unisikilize mama yako.

Wakati huo sijaolewa, naishi na babu yako pale Kidete, karibu na stesheni. Nilikuwa fundi cherehani, na sisemi kwa kujisifu, nilikuwa fundi kweli. Baba alikuwa amestaafu reli. Maisha yake yote alisimamia genge la kutengeneza njia. Yeye ndiye anayesema taruma hili chini ya reli linyanyuliwe, lile lishushwe, kokoto ziongezwe hapa. Jumamosi alikuwa anakwenda kilabuni kucheza pool na wenzake wa genge, na kelele zake zilikuwa zinatufikia hadi nyumbani. Kisha miguu ikamkataa. Kilabuni akaacha kwenda, na wenzake nao kidogo kidogo wakaacha kuja. Akawa mtu wa kushinda chumbani, pazia limefungwa, ukimwamkia anaitika "Marahaba" halafu kimya mpaka chakula. Mama yangu alikuwa amekwisha kututoka. Niliogopa sana, mwanangu, maana nilimwona baba anazimika huku nimekaa naye nyumba moja.

Ndipo nikaitwa Mikumi kushona mapazia ya nyumba moja ya wageni. Nilipozunguka nyuma kupima madirisha ya stoo, nikaiona meza ya pool imetupwa, kitambaa kimechanika, kuku anatagia kwenye tundu la kona. Moyo ulinipasuka kwa furaha! Nikamwambia mwenye nyumba, mama, kwa mapazia haya usinilipe kitu, nipe meza hii na mipira yake na fimbo zake. Alinitazama kama niliyepandwa na homa, lakini akakubali. Ikapakiwa kwenye lori la mahindi, na njia nzima mimi nimekaa juu ya magunia, naimba.

Mlangoni haikupita. Ikabidi ibaki barazani, nikaizungushia turubai. Baba nikamdanganya kuwa ni mzigo wa mteja. Nilitaka siku moja nimtoe nje, nivute turubai, aikute meza imekamilika inang'aa. Basi nikaanza. Nilipiga msasa miguu, nikapaka vanishi, nikabandua raba za pembeni zilizokuwa zimekauka nikabandika mpya. Halafu kitambaa! Kitambaa nilikifuata Morogoro mwenyewe, cha kijani kizito, laini ukikipapasa. Hapo ndipo nilipojimwaga, maana kitambaa ndiyo kazi yangu. Nilikivuta kikanyooka pande zote, hakina kunyanzi hata moja, kingo nimezikunja utadhani zimezaliwa pale. Nilikuwa narudi nyuma, naitazama, najichekea peke yangu.

Jumapili baada ya ibada nikawaalika majirani na wale wenzake baba wa genge. Akaja pia Babu Yeremia, na huyu lazima nikueleze. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu huko milimani Mamboya. Mtani unamjua: anakucheka mpaka msibani, anachukua kuku wako mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kununa. Akichukua kitu, unakikomboa kwa sharti atakalolitaja yeye.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

"Marahaba. Mmeniita kula au mmeniita kuwazika?"

Nikamtoa baba, nikamketisha kwenye kiti, nikavuta turubai. Watu wakashangilia! Nikamwona baba anaanza kutabasamu, mwanangu, tabasamu ambalo nilikuwa nimelisahau. Babu Yeremia akauchukua mpira mweupe akauweka katikati ya meza, akanyoosha mkono apewe fimbo. Kabla hajaishika, mpira ukaanza kuondoka. Ulikwenda polepole, ukachanganya mwendo, ukajitumbukiza wenyewe kwenye tundu la kona.

"Jamani!" akapiga kelele. "Meza inacheza yenyewe! Sisi tumeitiwa nini?"

Watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Na sababu naijua leo, hata mtoto angeijua: sakafu ya baraza lile ilikuwa imeinamishwa makusudi ili mvua isiingie ndani. Kila asubuhi nilikuwa naimwagia maji, naona yanavyokimbilia uani, na haikunijia hata mara moja kwamba meza nayo imesimama juu ya mteremko huo huo. Lakini kicheko cha watu si kitu. Kilichoniumiza ni baba. Tabasamu lilikwisha, akasema taratibu, "Nirudishe ndani."

Babu Yeremia akautia ule mpira mweupe kwenye mfuko wa koti lake. "Huu nimeuteka," akasema. "Mgonjwa umemshonea suti, mjukuu wangu, hujamuuliza anaumwa wapi. Akipona, niite nije tukomboane." Akaondoka anacheka. Nililia siku ile, na nilimkasirikia mzee yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Yeye mwenyewe, nikajiambia, hajui hata kushika nyundo.

Kesho yake nikachukua vipande vya mbao nikaanza kugonga chini ya mguu mmoja. Mara nikasikia sauti dirishani.

"Unagonga nini?"

"Mguu wa meza, baba. Ulio chini."

"Na unaunyanyua kwa kufuata upi?"

Nikasikia kiti kinasogea, kisha mkongojo, kisha baba huyo mlangoni, ameegemea ukuta, anahema. Sikumwita, mwanangu! Alikuja mwenyewe. Akasogea mpaka kwenye kichwa cha meza, akainama, akafumba jicho moja, akaichungulia meza kwa urefu wake wote kama alivyokuwa anaichungulia reli. Kisha akapitisha kiganja juu ya kitambaa changu, akakisimamisha mahali.

"Hapa pana nini?"

"Gundi ya zamani, baba. Niliona chini ya kitambaa haitaonekana."

"Fumua," akasema.

Wewe si mshonaji, hujui neno hilo linavyomchoma fundi. Mteja akikuambia fumua, unatamani ardhi ipasuke. Na hapa ni kitambaa cha Morogoro, ni kingo zile nilizozitazama nikajichekea! Lakini sauti ile ilikuwa sauti ya msimamizi wa genge, niliyoizoea tangu utoto na ambayo nilikuwa sijaisikia tangu miguu ilipomkataa. Nikafumua, machozi yananitoka, na hata leo sijui yalikuwa ya kitambaa au ya furaha.

Basi tukaanza kazi, na kazi ilinoga! Baba akiwa kwenye kiti, mimi nikiwa magotini. Tulikwangua gundi yote kwa kisu mpaka lile jiwe bapa linalokaa chini ya kitambaa likatoka jeusi, safi. Pembeni lilikuwa na ufa. Akanituma nta ya nyuki, tukaiyeyusha tukaujaza, tukausawazisha mpaka kidole hakiuhisi tena. Kisha miguu. Alinifundisha kutafuta mguu ulio juu kuliko yote na kuuacha, halafu kuinyanyua mingine kuufuata huo. "Nyanyua! Tena! Basi, basi! Rudisha kidogo!" Mwanangu, sauti ile ilivuka ua. Wazee waliokuwa wanapita kwenda stesheni wakasimama. Mmoja aliyekuwa kwenye genge lake akachungulia, akauliza, "Bosi, njia imeharibika wapi?" Baba akamjibu, "Usiulize, shika upande huo!" Jioni baraza lilikuwa limejaa wazee wanabishana kuhusu kipande cha mbao chembamba kama ukucha, kila mmoja anajua zaidi, na baba anawakaripia wote. Sikuwahi kupika chai nyingi hivyo kwa moyo mweupe hivyo.

Kitambaa nilikirudisha kwa uangalifu, safari hii baba ameshika upande mmoja. Tukamwita Babu Yeremia. Alikuja na mpira wake, akauweka katikati ya meza, akaondoa mkono. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mpira ulikuwa pale pale.

"Aa, mmeniharibia," akasema yule mtani. "Sasa nitachekea nini?"

Baba akainuka, akaegemeza nyonga kwenye ukingo wa meza, meza ikambeba, akaomba fimbo. Akapiga. Akakosa vibaya, mpira ukaruka ukaanguka uani! Na baba yangu akacheka kuliko watu wote, akasema arudishiwe, apige tena. Tangu hapo pazia la chumba chake halikufungwa mchana. Wazee walirudi, na kila mgeni aliambiwa, "Meza hii niliinyanyua mimi na binti yangu." Hilo la "mimi na" lilinifurahisha kuliko sifa zote nilizopewa kwa mapazia.

Sasa sikia nasaha yangu, nayo ni fupi. Mimi nilidhani baba anakosa mchezo, kumbe alikosa kazi ya kuamrisha na watu wa kuamrisha. Ningemkabidhi meza imekamilika, hata ingekuwa imenyooka namna gani, angeipongeza na kurudi chumbani. Baba yako ameendesha malori maisha yake yote, amefungua injini porini kwa mikono yake, na leo anashinda sebuleni anabadilisha stesheni za redio. Usimpelekee zawadi iliyofungwa. Mpigie leo, kabla hujang'oa hata ubao mmoja zaidi, umwambie umekwama. Atakukosoa, atakuchelewesha, atakuambia bisibisi hushiki hivyo. Mwache. Na jirani akija akaicheka kazi yako, mkaribishe kiti aicheke vizuri, usikie anachekea wapi.

Haya, mwanangu. Mungu aiongoze mikono yako, akupe subira na baba yako, naye ampe baba yako subira na wewe, maana mnafanana. Nyumba yako isikose kelele za watu wanaopendana. Baba yako nimekwisha mwambia achukue viatu, sababu ataisikia kwako. Kwa basi la asubuhi tunakuja wote wawili.