Syovata na Divai ya Mtungini

Saa nne asubuhi. Katika stoo ya hoteli moja ya ufukwe wa Diani, Syovata Kitonga, mtunza divai, anaingiza mkono ndani ya mtungi uliojaa mchanga uliolowa, anatoa chupa ya divai nyekundu na kuigusa kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa.

"Bado kidogo," anasema, na kuirudisha taratibu.

Mchana huu wa Ijumaa, kwa chupa itakayoagizwa mezani, meneja ataamua kama stoo ya divai ibaki, au ifungwe na mama huyu wa watoto wawili arudi kwao Shimba Hills.

Tangu machafuko ya mwaka jana na mvua za El Niño zilizofuata, wageni wamekuwa wa kuhesabika. Wafanyakazi 140 wamebaki 52. Na hao wageni wachache wakaanza kuirudisha divai nyekundu kutoka mezani. Machi peke yake zilirudi chupa kumi na moja.

"Meneja aliniambia, ikirudi moja tena, nifunge stoo nimpe ufunguo," anasimulia.

La kuchekesha ni kwamba Syovata hanywi. Ni mwimbaji wa kwaya. Yeye huonja na kutema, na mchungaji wake amekubali shingo upande.

Lakini muulize habari za chupa ile, iliyotoka bonde la mto Rhone, kusini mwa Ufaransa, uone macho yake yanavyoondoka Diani.

"Kwanza inakuja zambarau iliyoiva hadi kupasuka," anasema akiwa amefumba macho. "Halafu pilipili manga. Nyuma yake kuna majani makavu ya kichakani, yale ukiyakanyaga jua la saa sita yananukia. Mwisho kabisa, mawe. Nilisoma kwamba mizabibu ya huko imeota kwenye mawe ya mviringo, yanashika joto la mchana mpaka usiku. Mimi hulala nikiyaona hayo mawe."

Nakiri kwamba nami, niliyekwenda kuandika habari za hoteli kukosa wageni, nilisahau kalamu mkononi.

Kosa lililorudisha chupa zile lilitoka kitabuni. Kitabu cha mafunzo kilisema divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumbani, na kwa miaka minne Syovata alitii, akaipanga kwenye rafu. Chumba cha Diani! Huku hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Divai ikawa nzito, inachoma puani kama spiriti, na zambarau haionekani wala mawe.

"Siku moja nikajiuliza, chumba cha nani?" anasema. "Aliyeandika alikuwa kwao, kwenye nyumba ya mawe, na baridi. Sisi huku tulikuwa tunaipika."

Friji zilikuwa za bia na samaki. Ndipo Iddi Mwero, mkuu wa wahudumu, akamletea mitungi miwili kutoka kijijini kwao Munje.

"Mamangu maji yake ya kunywa huyatia mtungini, yakawa baridi," asema Iddi. "Nikamwambia, dada, tia mchanga, ulowanishe, uzike chupa zako humo. Waini mimi siijui, lakini mtungi naujua."

Saa saba na nusu, mzee mmoja Mfaransa anaagiza chupa. Kwa bahati au balaa, yeye mwenyewe analima mizabibu katika bonde hilohilo. Meneja amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Syovata anamimina. Mzee ananusa, anaonja, anaweka glasi chini. Syovata anakisokota kitambaa cha mkononi mpaka naona huruma. Kisha mzee anaimaliza glasi yote na kuisogeza ajaziwe tena.

"Umewahi kufika kwetu?" anamuuliza kwa Kiingereza.

"Hapana, bwana. Mwisho wangu ni Mombasa."

Hapo Syovata akamweleza anavyoliona bonde: zile zambarau, majani, mawe, na upepo wa vuguvugu unaopita jioni katikati ya mizabibu. Mzee aliitikia kwa kichwa kila alipotaja, isipokuwa upepo.

"Upepo wetu ni baridi," alisema. "Unavuma mpaka mtu ashike kofia yake. Ndio unaokausha zabibu zisioze."

Meneja alimwita Iddi akamwambia aongeze mitungi minne. Syovata aliingia stoo, akafunga mlango, nikamsikia akilia.

Jumanne iliyofuata nilimkuta Kona ya Musa, kwenye nguo za mitumba, akijaribu sweta nzito ya sufu.

"Dada, na joto hili la Aprili?" muuzaji alimtania.

Iko siku ataliona lile bonde, aliniambia. Kwa nauli gani na mwaka gani, hajui.

"Miaka minne ninaonja, na ule upepo sikuusikia," alisema, akifunga vifungo mpaka shingoni huku jasho likimtiririka. "Huo ndio naufuata."