Kamera ya Baba Iliyoona Hatua Tano

Enzi zetu, mtu akitaka kupigwa picha alikuwa anaoga kwanza. Wenzangu mliokulia Musoma miaka ile ya foleni mtanielewa. Unaoga, unajipaka mafuta ya kupikia yaliyobaki chupani kwa sababu ya kupaka hayakuwepo, unaazima viatu kwa jirani, ndipo unatembea kutoka Nyasho mpaka Iringo kwenye studio ya baba yangu. Ukifika unakaa wima na hucheki. Picha ilikuwa jambo zito, kama kwenda kuandikisha ndoa. Leo mtoto anapiga chapati picha arobaini kabla hajaikata, halafu chapati ikipoa ananilalamikia mimi.

Nisiseme tulikuwa na raha, nitakuwa mwongo. Tulifua kwa majani ya mpapai, tukala ugali wa ule unga wa njano hadi tukauzoea. Siku ikivuma kwamba khanga zimefika duka la ushirika, akina mama waliacha vyungu motoni wakakimbia, na samaki wa furu waliokuwa jikoni wakawa mkaa. Sisi watoto tulicheza rede kwa mpira wa soksi na hatukujua kama nchi iko taabani. Tulidhani dunia yote inapanga foleni.

Baba alikuwa na kamera moja, ya Kirusi, nzito kama tofali. Haikuwa ya kutazamia ndani ya lenzi. Ulichungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unamwona mtu amekuwa wawili, mmoja amemfunika mwenzake nusu. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili wanakuwa mmoja, hapo ndipo unabonyeza. Mimi, Nyangeta, mtoto wake wa kwanza, niliupenda mchezo huo kuliko rede. Nilikuwa na miaka kumi, na nilipokuwa natoka shule nilipitaga studio nichungulie wateja wakiungana.

Halafu kamera ikaanguka. Ilikuwa harusini, mlevi mmoja alimkumbatia baba kwa furaha, kamera ikapiga sakafu na lenzi ikapasuka katikati. Baba alirudi nyumbani ameibeba kwenye kofia kama mtu aliyebeba kifaranga. Lenzi nyingine utaipata wapi? Mswaki wenyewe haukuwepo madukani.

Padri mmoja mzee, aliyekuwa na kamera ya Kijerumani ya ujana wake iliyokufa zamani, alimpa baba lenzi yake. Nzuri sana, vioo vyake vina rangi ya zambarau ukivigeuzia jua. Lakini hesi zake, yale meno ya kufungia, hazikukubaliana na za kamera ya Kirusi. Ilihitajika pete ya kuziunganisha, upande mmoja ikubali Ujerumani, upande wa pili ikubali Urusi. Baba akaniambia, "Twende Bunda, kuna mtu anakereza chuma." Tukapanda lori la pamba mpaka kwa Fundi Magesa, mkazi wa Kabasa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa mwembamba, hana maneno. Aliipima lenzi kwa macho, akaipima kwa rula, akachukua pistoni mbovu ya trekta akaifunga kwenye mashine. Jioni tulikuwa na pete inayong'aa, na lenzi ya padri ikaingia kwenye kamera ya baba bila kulalamika.

Furaha yetu ilidumu mpaka mkanda wa kwanza wa picha ulipotoka dawani. Pete ilikuwa imezidi kidogo, unene wa kucha tu. Unene huo ulitosha kuifanya kamera isione mbali. Mtu akikaa ndani ya hatua tano alitoka safi, unahesabu kope zake. Akizidi hapo anakuwa ukungu. Na kile kidirisha cha watu wawili nacho kikawa kinadanganya, kwa sababu hakikujua kama lenzi imebadilishwa. Baba alirudi Bunda pete ipunguzwe, akakuta mashine imesimama, mkanda wa kuizungushia umekatika na hakuna mwingine. Kuipiga tupa kwa mkono aliogopa, ingekwenda upande.

Basi akatafuta uzi wa nyavu, akaupiga mafundo matano, kila hatua fundo. Ncha moja aliifunga kwenye kamera, nyingine inavutwa mpaka kidevuni kwa mteja. Lenzi nayo aliitia alama kwa rangi ya kucha ya mama, chupa ambayo mama alikuwa ameitunza tangu harusi yake. Fundo la tatu likigusa kidevu, unazungusha mpaka alama ya tatu. Watu walimtania kwamba anawafunga kama mbuzi. Kwaya ya watu thelathini aliipiga vipande vitatu, maana haikuenea ndani ya uzi. Kama una picha ya Musoma ya miaka ile, na nyuma yako ziwa limekuwa moshi mtupu, basi ulipita mikononi mwa baba yangu.

Mama alicheka pamoja na wengine, lakini lilimuuma jambo moja. Mama yake, bibi yangu mzaa mama, aliishi Butiama na hakuwa amepigwa picha hata siku moja. Alikuwa ameugua masika yote, miguu imevimba, na mama akawa haongei kingine. "Mke wa mpiga picha," alisema, "na sina hata picha moja ya mama yangu. Akiondoka, watoto nitawaonyesha nini?"

Ugumu ulikuwa huu. Kwetu siku zile mwanamume na mama mkwe wake hawakukaribiana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na baba akiwa na salamu alizitoa akiwa nyuma ya nyumba, ukuta katikati. Kabla kamera haijaanguka, baba na bibi walishakubaliana kwa kumtuma mama huku na huku. Baba angesimama mbali kwenye uzio wa minyaa, hatua ishirini na zaidi, na macho yake yangekuwa kwenye kamera, si kwa mkwe. Bibi aliridhika na mpango huo. Sasa kamera ilitaka hatua tano. Baba kukaa hatua tano na mama mkwe wake, amemwekea uzi kidevuni! Hata mimi niliona aibu kwa niaba yake.

Na mkanda ulikuwa umebakiza picha mbili. Mwingine haukujulikana utapatikana lini.

"Atapiga Nyangeta," baba akasema siku moja tukiwa mezani. Mama akaacha kumega ugali. Yeye mwenyewe alitaka kukaa na mama yake kwenye picha, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine. Jumapili tatu mfululizo baba alinifundisha uani pale Nyasho, kamera ikiwa tupu, mkanda wenyewe ameuhifadhi gizani, nikimpiga mbuzi wa jirani na ndoo ya maji. Nipime uzi, nizungushe lenzi, nibane viwiko mbavuni. "Bonyeza kama unavyobonyeza parachichi kuona limeiva," alisema. Siku moja nikamwambia akae yeye kwenye kigoda, nimpime. Akacheka. "Mimi nipigwe na nani, bwana? Mpiga picha hapigwi." Akasogeza mbuzi.

Tukaenda Butiama. Bibi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, jua la asubuhi linampiga shavu moja, amejifunga khanga mpya ambayo mama aliipigania kwenye foleni. Mama akakaa ubavuni mwake. Baba alinikabidhi kamera nje ya boma, akaenda kusimama kule kwenye minyaa, mbali nyuma yao, ametugeuzia mgongo. Shati lake lilikuwa jeupe, la kwendea kanisani.

Mama akavuta uzi, akamwekea bibi kidevuni. Fundo la tatu. Nikazungusha mpaka alama ya tatu, nikarudia kuhakikisha. Nikabana viwiko mbavuni. Nikachungulia kidirishani, nikawaona wote wawili, weupe wa macho yao unaonekana. Nikabonyeza. Ka!

"Kifuniko! Nyangeta, kifuniko!"

Nikatazama. Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kipo mahali pake. Kwenye kamera za aina ile hujui, kwa sababu kidirisha kiko pembeni na kinakuonyesha kila kitu hata lenzi ikiwa imezibwa. Nilikuwa nimepiga giza. Picha moja imekwenda, na nikatamani ardhi inimeze.

Lakini hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wanatazama ile sauti ilikotoka, kule kwenye minyaa. Baba alikuwa amegeuka, anatuangalia waziwazi, mikono kichwani. Bibi akajifunika uso kwa khanga. Mama akapaza sauti, "Baba Nyangeta! Si umegeuka!" Na baba, sijui alipatwa na nini, hakurudisha mgongo. Alikaa vile vile, kama mtu aliyeona ng'ombe wake anaingia shimoni.

Tukasikia kitu ndani ya khanga. Tulidhani bibi analia. Kumbe anacheka, tumbo zima linaruka. "Mwacheni," akasema kwa lugha ya nyumbani, "kumbe siku zote alikuwaga anachungulia huyu." Akajifunua uso, machozi ya kicheko yanamtoka. "Piga, mjukuu wangu, piga upesi kabla aibu haijanifika."

Nikang'oa kifuniko, nikakitia mdomoni nisikisahau tena, nikazungusha mkanda, nikapiga.

Dawa za kusafishia picha zilichelewa karibu miezi miwili. Siku zilipopatikana, mama alisimama mlangoni mwa chumba cha giza, anauliza kila dakika kama tayari. Picha ilitoka safi ajabu. Bibi anacheka na meno yake matatu, unaona uzi wa khanga, unaona kovu dogo kwenye paji la uso. Mama anamtazama yeye badala ya kutazama kamera. Na kati ya mabega yao, mbali, kuna doa jeupe refu lenye mikono juu. Baba akalikasirikia. "Hili nitalikata, linaharibu picha." Mama akamnyang'anya. "Usinikatie kitu changu."

Bibi alikwenda masika yaliyofuata. Picha ile ilitangulia mbele ya jeneza, na watu wa Butiama walikuja kuishika kwa zamu. Mama alilia, lakini alilia akiwa na kitu mkononi, na nadhani hiyo inasaidia.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba, na kamera za plastiki ambazo hata mlevi wa harusini aliweza kuzipigia picha. Picha zikawa za rangi. Wateja wa Iringo wakapungua mpaka baba akabaki na wa vitambulisho, wale wa kukaa ndani ya hatua mbili, ambao pete ya Magesa haikuwasumbua. Sikumsikia akilalamika. Mwaka mmoja aliugua homa siku nne tu, akafariki, na nilikuwa nimeshaolewa.

Tukahitaji picha ya msiba. Tulipekua masanduku yote ya studio. Nilikuta nusu ya Musoma mle ndani, maharusi, wanakwaya, watoto wa ubatizo, hadi yule mbuzi wa jirani, ambaye baba alikuja kumpiga kweli baadaye. Baba hakuwemo. Kitambulisho chake cha zamani mchwa walikuwa wamekula upande wa uso. Tulimzika bila picha, yeye aliyewapiga wote waliokuwa wamesimama pale.

Mwezi uliopita mwanangu Kelvin, ambaye anapiga harusi Mwanza, alinijia na furaha. Ameagiza pete mtandaoni ya kufungia lenzi za zamani kwenye kamera yake mpya. "Mama, hizi za kale zinatoa ukungu mzuri sana nyuma ya mtu. Wateja wanaugombania." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukungu ule ule tuliotaniwa nao mji mzima! Nikamletea kopo lenye lenzi ya padri na pete ya pistoni. Akaigeuza pete, akaipima kwa kifaa chake, akatikisa kichwa. "Hii ni nene, mama. Haifiki mbali." Nikamwambia najua.

Akaiona na picha ya Butiama. Akasema siku hizi simu inaweza kusafisha, hata aliye kwenye ukungu inamtoa. Akafanya palepale. Lile doa likapata macho, pua, na sharubu, mwanaume kamili. Nikampelekea mama, sasa ni bibi kizee wa kushikwa mkono. Aliitazama simu kwa muda. "Huyu ni nani?" akauliza. Nikamwonyesha ile ya karatasi. Akaweka kidole juu ya doa bila kutafuta. "Baba yako huyu hapa. Amesahau adabu, anatuangalia."

Leo nina simu inayoona mpaka visiwani ng'ambo ya ziwa. Ina picha za wanangu maelfu, na nyingi sijui hata zilipigwa lini. Zamani tulikuwa na uzi wa mafundo matano, na ili umpige mtu lazima umfikie, umguse kidevu. Sisemi kulikuwa kuzuri kuliko sasa. Mafuta ya kupikia usoni si kitu cha kutamani. Ila lile swali la baba haliniachi. Aliuliza apigwe na nani, akacheka, akamsogeza mbuzi. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kamera shingoni, nimeshajua kupima. Na baada ya Butiama tulikaa naye miaka mingi, mikanda ikiwa imejaa madukani, na kila siku alikuwa ndani ya hatua tano.