Konokono Waliokula Wali wa Bibi

Nyuma ya soko la Kariakoo, pale yanapotupwa majani ya kabichi yaliyolala na kuanza kulainika, watu hupita wameziba pua. Mimi navuta pumzi. Mwenye kucheka acheke. Harufu ile inanirudisha ukumbini kwetu, mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko, nachomoa jani lililojaa konokono.

Kabla sijaenda mbali niseme hivi: shule niliishia darasa la nne, na maduka yangu ya vitenge sikurithi kwa mtu. Kwa hiyo anayetaka maneno ya mapambo akatafute pengine. Mimi nasema kitu kilivyokuwa.

Tuliishi nyumba ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati, vyumba vya wapangaji huku na huku, uani jiko la wote. Baba na mama waliuza mitumba Mchikichini. Walitoka alfajiri, wakarudi jioni hawana hata nguvu ya kugombana. Mimi nilikuwa wa Bibi, mama yake baba. Aliniita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu wake, na akinigombeza alisema nimeletwa kumnyang'anya mume.

Ng'ambo ya barabara, ghorofani juu ya duka la vyombo, alikaa Mama Nilesh, mama wa Kihindi mwenye bangili mpaka katikati ya mkono. Alikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wekundu wenye mikia kama vitambaa vya hariri. Kila siku nilipanda ngazi kwenda kuwatazama. Alipohamia Upanga akaniita.

"Zuhura, hawa nakuachia wewe. Lakini nitakuja kuwaangalia, umenisikia? Nikikuta maji safi na wenyewe wazima, ni wako. Nikikuta uchafu, nawachukua nampelekea dada yangu."

Tangi likawekwa juu ya meza ukumbini, kando ya mkeka wa Bibi. Watoto wa mtaa mzima wakawa wanasimama mlangoni kuniomba ruhusa ya kuchungulia. Mimi, ambaye nilikuwa wa mwisho kuchaguliwa kwenye mchezo wa rede, sasa naamua nani aingie na nani asubiri nje! Kumpoteza samaki mmoja tu kungekuwa msiba wangu.

Balaa alilileta Mjomba Shabani, mdogo wake mama, mtu wa kusaidia hata asipoombwa. Alilitazama tangi akaguna. "Samaki gani hawa wanakaa uchi, hawana hata jani la kujisitiri?" Akaenda zake bonde la Msimbazi, akarudi na fungu la majani ya majini linachuruzika tope. Tukayaosha, tukayapanda, yakapendeza kweli. Hatukuona kwamba chini ya majani kumegandama mayai ya konokono, kama kamasi iliyokauka.

Walianza wakiwa kama punje za ulezi. Wakawa kama maharage. Kisha kioo kikajaa, wengine wakining'inia juu ya maji, samaki huwaoni mpaka uinamishe shingo.

"Mwaga chumvi," akasema Mjomba Shabani. "Konokono na chumvi hawaelewani."

"Na samaki je?" Bibi akamuuliza. "Au unataka tuongeze na ndimu kabisa?"

Bibi ndiye aliyenifundisha mtego. Jioni unazamisha jani la kabichi, umelibana na kijiko lisielee. Asubuhi unalichomoa polepole, na konokono wote walafi wamo wamelala juu yake. Niliwapelekea bata wa jirani, na baada ya muda wale bata wakawa wananisubiri mlangoni kama watu wanaodai. Lakini nikitoa leo, keshokutwa wapo tena, na ndugu zao.

Sasa nieleze tabia moja ya nyumba yetu. Bibi alitulea kwamba huwezi kula mbele ya mtu ukanyamaza. Hata kama una kipande kimoja cha muhogo, utasema karibu. Na Bibi, kwa kuwa alikula mchana akiwa amekaa kando ya tangi, aliona samaki wanamtazama. "Wana macho hawa," alisema. "Karibuni, wanangu." Akawarushia tonge la wali wa nazi. Wapangaji nao wakaiga. Anayepita na chapati anamega, mwenye andazi anamega. Tuliona ni ukarimu, na tulijisifu nao.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mchana hakuna anayekula, na jioni tunafuturu uani. Ajabu ni kwamba jani la kabichi likaanza kutoka jepesi. Maji yakang'aa. Bata wakanuna. Mjomba Shabani akatangaza kwamba konokono wamekimbia dua.

Ikaja Idi. Pilau, kaimati, visheti, na kila mtu akaenda kuwapa samaki mkono wa Idi. Nguo mpya hazijafuliwa, kioo kimejaa konokono tena.

Nilichuchumaa mbele ya tangi nikatazama. Hakuna aliyenifundisha, niliona kwa macho yangu: konokono wote wamesongamana kona ya upande wa Bibi, wanashughulika na punje za wali zilizozama. Samaki wanaonja kidogo tu. Kinachobaki ni karamu ya konokono, na konokono akishiba anazaa.

Siku hiyohiyo Mama Nilesh akatuma salamu kwamba anakuja kututembelea. Nikamfuata Bibi.

"Bibi, samaki inabidi wafunge."

"Wafunge? Samaki wa Mama Nilesh? Kwa dini gani, mke mwenzangu?"

"Usiwape chakula, Bibi. Nitawapa mimi asubuhi, kidogo, wakimaliza basi."

"Mimi nile wananitazama? Haitanipita kooni."

"Basi wasikuone."

Nikachukua kanga yake nikalifunika tangi. Bibi akacheka, akasema sasa samaki wako eda. Nikaendelea na kabichi yangu kila jioni, na jani likazidi kuwa jepesi.

Jambo moja tu lilibadilika. Bibi hakula tena mchana. Alifunika sahani kwa kawa, akangoja nirudi shule. "Njoo tule," ananiambia hata viatu sijavua. Nilidhani anajizuia asiwarushie samaki tonge.

Mama Nilesh alikuja, akakaa, akaletewa chai na biskuti. Nikavuta kanga. Maji yalikuwa kama hayapo. Samaki wakapanda juu, midomo wazi.

"Maskini, wana njaa!" akasema, akamega biskuti.

"Usiwape!"

Nyumba nzima ilipiga kelele. Mimi, Bibi, wapangaji, Mjomba Shabani mlangoni. Mkono wa Mama Nilesh ukabaki hewani. Katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kukatazwa kugawa chakula. Bibi akajikohoza. "Kula mwenyewe, mama. Hawa walikula asubuhi."

Mama Nilesh akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akacheka mpaka bangili zikalia. "Haya, Zuhura. Ni wako, moja kwa moja."

Kanga niliiondoa, konokono wachache waliobaki nikawaacha walambe kioo. Lakini Bibi hakurudia kula mchana. Aliendelea kuningoja na sahani yake imefunikwa, mpaka nikaacha shule, mpaka nikaanza biashara, mpaka mwisho wake. Na mimi nikaona ni mazoea tu ya kizee.

Nilimwelewa nimeshakuwa mtu mzima, watoto wameondoka kila mmoja na mji wake. Mchana mmoja nimekaa ghorofani kwangu, sahani mapajani, nikajisikia nasema, "Karibu." Nageuka kuona naongea na nani. Msoma habari wa kwenye televisheni.

Nikaweka kijiko chini. Miaka yote ile, Bibi wangu alikuwa anatafuta wa kula naye, na kabla ya mimi alikuwa amewapata samaki.

Kesho yake nikateremka dukani na sufuria la ubwabwa. Nikawaambia vijana wanaoniuzia vitenge kwamba kuanzia leo, saa ya chakula tunakula pamoja hapahapa, hakuna cha mtu kwenda mgahawani. Mpaka leo wananong'ona kwamba bosi anawachunga wasichelewe kurudi. Nawaacha wanong'one. Ilimradi wananawa mikono na kusogea.