Ukuta Nyuma ya Kabati

Mama yangu aliteleza kwenye matope akitoka kuoga, huko kwake Likuyani, akavunjika mkono. Bafu lake lilikuwa nje, nyuma ya jiko: mabati makuukuu yaliyosimamishwa kwa nguzo, bila paa, na jiwe bapa la kukanyagia. Alikuwa ameoga humo tangu nikiwa mdogo, manyunyu yakimwangukia mabegani pamoja na maji ya ndoo. Plasta ilipotolewa tulikwenda kumchukua, mimi na mume wangu, tukamleta kwetu, kwenye nyumba tuliyojenga karibu na Khayega. Tukampa chumba chenye bafu lake ndani. Mume wangu alimwonyesha jinsi ya kufungulia maji ya moto kwa majivuno kana kwamba maji ya moto ameyabuni yeye.

Mama alilipenda lile bafu. Asubuhi alijifungia humo muda mrefu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na alipotoka mvuke ulimfuata mpaka kitandani. "Maji yanatoka ukutani yakiwa moto," aliwaambia wageni, "na hakuna mtu amewasha kuni."

Binti yetu mdogo akahamia kulala naye. Alimwita kukhu, kama watoto wa kwetu wanavyowaita nyanya zao, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kile kitanda.

Kwetu mvua haijui kuaga. Hupiga kila alasiri, na nguo huanikwa leo zikakauka keshokutwa. Kwa hiyo Mama alipoanza kukohoa nilisema ni baridi. Mtoto naye alipoanza kuvuta pumzi kwa mlio mwembamba, kama filimbi iliyoziba, nilisema ni baridi. Nikawachemshia tangawizi. Nikawaongezea blanketi. Kikohozi kikaendelea, Mama akaanza kuacha obusuma, ugali wetu, kwenye sahani, na mimi nikaanza kuogopa kifua kikuu, ingawa sikulitaja jina hilo mbele ya mtu.

Niliwapeleka wote wawili kliniki mjini. Mama alipigwa picha ya kifua, akapimwa makohozi. Sikuwa nimelala vizuri nikingoja majibu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alisema hakuna kifua kikuu. Kisha akanigeukia.

"Hawa wawili wanalala chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Kinanuka vipi?"

Sikulielewa swali. Nilimwambia kinanuka kama chumba chochote.

"Kuna ukuta wenye madoa meusi? Au nguo zinazoota kuvu?"

"Nyumba yetu ni mpya, daktari."

"Nenda ukaangalie hata hivyo," akasema. "Angalia nyuma ya vitu."

Nilirudi nyumbani nimeudhika kidogo. Nilimketisha Mama sebuleni na mtoto, nikaingia chumbani mwao, nikafunga mlango, nikavuta pumzi. Ile harufu ilikuwapo. Nilikuwa nimeifahamu kwa majuma mengi: uvundo wa udongo na nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Nilikuwa nimeamua, bila kujiuliza, kwamba ni dawa ya Mama ya kuchua, au blanketi lake la zamani, au ndivyo uzee unavyonuka. Nikamwita mume wangu anisaidie kusogeza kabati la nguo lililoegemea ukuta wa bafu.

Kabati likatoka. Ukuta tulioupaka rangi ya maziwa ulikuwa mweusi. Sisemi ulikuwa na madoa. Kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu ulikuwa umeota kitu laini, cheusi, chenye manyoya, na mgongo wa kabati ulikuwa umeota kitu hichohicho, kama vitu viwili vilivyokuwa vikitazamana kwa miezi. Mume wangu aliugusa. Kidole chake kiliacha alama ndefu na vumbi likapaa. Akarudi nyuma akikohoa, kikohozi kilekile nilichokuwa nikikisikia kwa Mama.

"Kichwa cha mtoto kinalala wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa mkono. Mto wa binti yetu ulikuwa hatua chache kutoka pale.

Tukaingia bafuni. Humo nilikuwa nikiingia kusafisha kila wiki, lakini macho yangu yalikuwa sakafuni na kwenye choo. Sasa niliinua uso. Dari lilikuwa limejaa vidoti vyeusi kama bati la kuokea, rangi imebambuka na kuning'inia, na matone ya maji yalikuwa bado yameshikilia pembeni ingawa aliyeoga alioga asubuhi. Nikatafuta dirisha, lile dogo la juu, nisilione. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha katoni, juu ya katoni leso iliyokunjwa vizuri. Matundu ya hewa juu yake yalikuwa yameshindiliwa vipande vya gunia, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa.

"Nani amefanya hivi?" mume wangu akasema. Nadhani alifikiri ni mafundi.

Nilikwenda sebuleni. "Mama, nani ameziba dirisha la bafu?"

"Ni mimi," akajibu, bila kuacha kumsuka mtoto nywele.

"Ulifikaje kule juu?"

"Nilipanda kiti."

"Na mkono uliovunjika?"

"Si niko na mwingine?"

Nikaketi. Nilimwona juu ya kiti cha plastiki, kwenye vigae vyenye maji, mkono mmoja ukutani, na sisi tukiwa kazini.

"Watu wanapitanga hapo nje wakienda soko," akaeleza. "Nasikia maneno yao yote. Kama mimi nawasikia, wao si wananiona? Huko kwangu nilizungukwa na mahindi. Mahindi hayana macho."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mtu mrefu kuliko wote Khayega hawezi kufikia lile dirisha. Kabla sijamjibu, mume wangu akaniita chumbani. Alikuwa akitoa vitu chini ya kabati, na mkononi alikuwa na mkoba wa zipu ambao sikuujua. Aliufungua kwa sababu ulikuwa umelowa. Ndani kulikuwa na gauni jeupe la mikono mirefu, kitambaa cha kichwani, soksi nyeupe, viatu visivyowahi kukanyaga chini, na Biblia ndogo. Kila kitu kilikuwa kimepiga kawa, madoa ya kijani na meusi yaliyopenya kitambaa.

Mama alikuwa amenifuata. Alisimama mlangoni akiutazama mkoba.

"Hizo ni zangu za kwenda nazo," akasema. "Nilikuja nazo ili msihangaike kutafuta."

Mume wangu aliliweka gauni kitandani polepole, akatoka nje. Mimi nilibaki. Nilidhani tulimleta kwetu apone. Yeye alikuwa amefunga mizigo yake aje afe, akaoga kila asubuhi akiimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungelia. Ungenirudisha hospitali."

Nililia, na hakunikataza.

Siku zilizofuata tuliwahamishia sebuleni. Mume wangu alijifunga kitambaa usoni akasugua ukuta kwa maji ya klorini, akauacha ukauke kabla ya kupaka rangi. Fundi aliondoa lile dirisha, akaweka lenye kioo kisichoonyesha, linalofunguka kwa juu, na feni ndogo ya kuvutia mvuke nje. Matundu yalifunguliwa. Daktari, tulipomrudia, alituagiza pia tukaushe vigae kila mtu akishaoga. Kabati likakaa upande mwingine, mbali kidogo na ukuta. Kabla Mama hajakubali kuoga tena, alinituma nisimame njiani nimwambie naona nini. Nilisimama kwenye mvua nikapaza sauti kwamba sioni chochote.

Gauni nililiosha, nikaliloweka, nikalianika kila jua lilipochomoza. Madoa hayakutoka. Asubuhi moja nilisikia sauti ya kitambaa kikichanika. Nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika upindo kwa meno, anavuta kwa mkono wake mzima. Alikuwa ameshalichana nusu.

"Mama, unafanya nini?"

"Daktari alisema ukuta upanguswe baada ya kuoga," akasema. "Hiki ni pamba. Kinanyonya vizuri."

Akaingia bafuni na vile vitambaa, nikamsikia akipangusa vigae, kutoka juu kwenda chini, bila haraka.

Kikohozi chake kiliisha. Mtoto ana nafuu, ila mvua ikizidi ule mlio hurudi na hutembea na dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa shule. Kuhusu gauni jingine Mama hajasema neno, nami sijathubutu kumuuliza.