Boksi la Besi Lililoita Msaragambo Myamba

Ndugu zangu, naona haya kulisimulia jambo hili, lakini naona haya zaidi kulisikia likisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwapo, maana pale stendi ya Same wapo wanaosema nililewa na wapo wanaosema nilikuwa nautaka uenyekiti, nami niliyetumikia masijala ya serikali hadi nikastaafu kwa heshima siwezi kuvumilia kumbukumbu potofu, hata pale ambapo kumbukumbu sahihi inaniumiza mwenyewe.

Tangu nistaafu nimekuwa mlezi wa kwaya ya vijana ya usharika wetu huko Myamba, na pikapu yangu ndiyo inayobeba vyombo vyao. Spika walizokuwa nazo zilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kwa hiyo niliamua kufunga spika kubwa ya besi nyuma ya kiti cha gari langu. (Niseme ukweli wote: mtu akishastaafu, watu huacha kumsikiliza, na mimi nilitamani kusikika tena, hata kama ingekuwa kwa njia ya gari.)

Sasa, nafasi iliyoko nyuma ya kiti cha pikapu ni nyembamba na imepindapinda, boksi la mbao halikai, inabidi liwe la faiba linalofinyangwa humo humo garini likafuata umbo la bati. Nilimpata fundi mmoja pale Same, jina lake Hamza, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuunga bampa za mabasi zilizopasuka. Tulifunika bati kwa nailoni na kuipaka nta ili faiba isigande pale milele, tukatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, tukakipaka rezini iliyochanganywa na dawa ya kukaushia, tabaka juu ya tabaka, hadi likapatikana gamba gumu ambalo tulilichomoa likiwa na mgongo ule ule wa gari. Uso wa mbele tuliukata kwa mbao, tukavuta blanketi jepesi la mtumba kuunganisha mbao na gamba, tukapaka rezini tena, kisha tukapiga msasa siku nzima, nikatoka pale mweupe kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya unga. Kila hatua niliiandika katika daftari pamoja na saa yake.

Mkasa ulianzia kwenye bomba. Boksi la namna ile huwekewa bomba la kupumulia, nami nilikuwa na kipande cha bomba la plastiki kilichobaki nilipotengeneza michirizi ya mvua nyumbani.

"Mzee, tulikate hapa," Hamza aliniambia, akiweka alama kwa chaki. "Likibaki refu hivi halitapiga muziki. Litavuma sauti moja tu, kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama."

"Kijana, mchoro ni wangu na vipimo ni vyangu."

"Sawa, bosi. Ila wakikucheka usinitaje."

(Nimemtaja, kwa sababu ni haki yake kutajwa.)

Nikapanda nalo Myamba likiwa na bomba lake lote. Asubuhi iliyofuata, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mgongo wa mlima, niliingia ndani ya gari, nikafunga vioo ili nisisumbue majirani (nyumba yangu iko peke yake mwisho wa barabara, lakini adabu ni adabu), nikaweka wimbo wa kwaya kutoka kwenye simu na kufungua sauti. Wimbo haukutoka. Kilichotoka ni mvumo mmoja mzito, vuuuuu, uliotikisa hata kioo cha pembeni. Nikazima, nikakaza skrubu, nikafungua tena: vuuuuu. Nikazima, nikapunguza hiki na kuongeza kile, nikafungua mara ya tatu, mambo yakawa yale yale. Nikakata tamaa, nikaingia ndani kunywa chai.

Kabla sijamaliza kikombe, mke wangu alirudi kutoka kuchota maji akihema.

"Baba Eliya, hukusikia baragumu? Watu wote wanashuka ndivani na majembe!"

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, na likijaa tope tunalizoa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote, ambayo huitwa kwa baragumu la pembe: milio mitatu mirefu, na kila nyumba hutoa mtu. Haichezewi. Nilijilaumu kwa kutosikia, nikapakia jembe, nikashuka kwa gari.

Nilikuta umati, na siku hiyo ilikuwa ya gulio, kina mama walikuwa wameacha ndizi na maharage yao njiani. Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Nakunda, alisimama ukingoni amekunja uso. "Nani kaitisha? Mimi sijaitisha!"

Macho yote yakamgeukia Mzee Senkondo. Huyu ndiye mshika baragumu wetu. Baba yake alilishika na babu yake alilishika, na pembe lile hata mwanawe hajawahi kulipuliza.

"Sikupuliza," alisema. "Nilikuwa nakamua."

"Babu, ni ile dengelua ya jana!" alipayuka Mkwizu, ambaye ana duka la vyakula, na watu wakacheka, maana dengelua ni pombe yetu ya miwa na babu haikatai. "Tumesikia wote. Milio mitatu, tena mizito, kama ya mtu mwenye mafua."

Mitatu. Mizito. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, mara zile nilizofungua sauti. Nilijua. Nataka hilo lieleweke vizuri: kuanzia pale nilijua, na nilikuwa na nafasi ya kunyoosha mkono kama mtu mwingine yeyote, lakini nikasema moyoni ngoja watulie kwanza, na wao wakazidi kuchemka. Ikaonekana kwamba mtu anayeita watu na kisha akasahau kuwa ameita hafai tena kushika pembe, kwani siku ya moto au ya maporomoko nani atamwamini?

Katibu alikuwa amekwenda Same. Mama Nakunda akanitazama.

"Mzee wetu wa masijala, tuandikie muhtasari."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu niliandika kwamba imethibitika Mzee Senkondo alipiga baragumu bila idhini na kwamba pembe lichukuliwe na mwenyekiti. Imethibitika! Neno ambalo kazini niliwahi kuwarudishia makarani barua zao kwa kulitumia bila ushahidi. Mjukuu wake alitumwa kulileta pembe, na mzee akalikabidhi kwa mikono miwili, kisha akakaa kwenye jiwe.

"Mpeleke nyumbani kwa gari, tafadhali," mwenyekiti aliniambia.

Nilimpandisha. Alipoegemea kiti alijisogeza, akajisogeza tena.

"Mwanangu, ni nini hiki kinachonisukuma mgongoni?"

"Shikamoo, babu," nilisema, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana. "Ni spika. Nimetengeneza mwenyewe."

"Marahaba. Inalia?"

"Inalia."

"Basi washa niisikie. Langu nimeshanyang'anywa."

Hakunikazia macho, alitazama mbele tu, kwenye kile kilima ambacho mwisho wake ni nyumba yangu. Sijui hadi leo kama alikuwa anajua. Umati ulikuwa bado haujatawanyika. Ningeweza kusema betri imekwisha. Niliteremsha vioo vyote viwili, nikatoa simu na kuufungua ule wimbo.

Vuuuuu.

Wanawake waliokwisha kushika njia ya gulioni wakasimama. Mtu mmoja akainua jembe begani kabla hajafikiri. Nikazima, nikafungua, nikazima, nikafungua, hadi ikatimia mitatu, kisha nikashuka garini na kusema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kusomea nyaraka, "Ni mimi. Babu hakupuliza."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu. "Mheshimiwa Spika!" alianza Mkwizu. "Mheshimiwa Spika, bunge lako hili hapa, lina majembe!" Mama Nakunda peke yake hakucheka. Alinirudishia daftari la muhtasari. Nikaipiga mstari mmoja ile sentensi, ili ibaki inasomeka, kwa maana kosa halifutwi, nikaandika iliyo ya kweli pembeni na kuweka saini yangu.

"Na kwa kuwa watu wameshakuja," akasema Mama Nakunda, "tope lizolewe. Wewe, mzee, utaanzia katikati."

Katikati ya ndiva tope hufika mapajani. Niliingia na suruali yangu ya kupigwa pasi, na kila nilipotoa karai la tope mtu alipokea akisema, "Asante, Mheshimiwa Spika." Mzee Senkondo alikaa ukingoni na pembe lake alilorudishiwa mapajani, analipangusa kwa ncha ya shati.

Bomba nimelikata, kwaya inasikika vizuri, na Hamza nimemwomba radhi mbele ya wateja wake. Lakini sioni haya kwa sababu ya bomba. Kosa la bomba ni kosa la kipimo. Ninachokionea haya ni muda ule kati ya kujua na kusema, ambao mtu mwingine aliulipia kwa jina la baba yake, na nimeapa kwamba kalamu yangu haitaandika tena jambo ambalo moyo wangu unalikana, hata ikiwa ni kwa ombi la mwenyekiti na mbele ya kitongoji kizima.

Jua lilipoanza kuteremka, Mzee Senkondo alisimama akapuliza mlio mmoja mfupi, ule wa kuwaruhusu watu waende makwao. Wote wakakung'uta majembe. Nami nikaliegemeza karai langu ukingoni na kuanza kujivuta nitoke.

"Wewe bado," aliniambia babu, akaketi tena. "Wako nitaupuliza."